Saba za Bibi Kurashina

Karasawa, 28 Septemba

Kwa Mwalimu Ogiwara,

Joto limekatika huku juu milimani, asubuhi siwezi kukaa bila sweta. Natumai huko hospitalini hamjambo, na kwamba wewe mwenyewe unakula, maana ulipokuja Jumanne niliona shati limekuwa pana.

Karatasi za utafiti wako ninakurudishia pamoja na barua hii. Zimenichukua siku tatu, kwa sababu mkono wa kushoto unaandika kama wa mtoto wa darasa la kwanza, lakini hakuna swali nililoruka. Umeeleza kwamba moja ni mtu asiyeweza kabisa na saba ni anayeweza peke yake bila kushikwa na mtu. Basi nimetia saba. Kuoga saba, kupika saba, kuvaa saba, na mengine yote hivyo hivyo, mpaka swali la ishirini. Kimie, jirani yangu, alikuwa hapa anamenya matunda ya persimoni ya kukausha. Akachungulia, akasema, "Towa, hata peponi hawagawi saba nyingi namna hiyo." Nikamwambia anywe chai yake.

Mwalimu, mimi sikusoma, lakini sisahau. Februari niliingia kwenu upande wa kulia wote umekufa, kijiko kinanishinda. Madaktari walinitazama kichwa, wakatazama picha za kichwa, wakaondoka. Wewe ulikaa sakafuni ukanifundisha kuvaa soksi kwa mkono mmoja. Siku kumi na moja soksi inakataa. Siku ya kumi na mbili ikaingia, ukapiga makofi mpaka muuguzi akaja kuuliza kumetokea nini. Nimeishi na marehemu mume wangu miaka arobaini na sita, na mtu yule hakuwahi kunipigia makofi hata siku moja.

Kila nikivaa soksi nakuombea heri. Nilitaka ulijue hilo, usije ukadhani kazi yako inapotea bure.

Wako,
Towa Kurashina

*

Hospitalini, 22 Oktoba

Mpendwa Bibi Kurashina,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Asante sana. Shati ni lile lile, ila nimejifunza kulipiga pasi mwenyewe sasa.

Nina habari njema, na wewe una fungu lako ndani yake. Nilituma karatasi kwa wagonjwa thelathini na nane waliorudi nyumbani mwaka huu, na zote zimerudi. Watu thelathini na mmoja wamejipa saba karibu kila swali. Nimeyasoma matokeo hayo mbele ya mkutano wa watu wa tiba kwa vitendo, sisi tunaofundisha wagonjwa kujihudumia tena, na Profesa Hiraiwa, anayesimamia masomo yangu na ambaye hasifu mtu, alisema mbele ya wote kwamba kazi hii inaonyesha mgonjwa anaweza kurudi kuishi maisha yake kamili. Nilitoka pale miguu haigusi chini. Nikikamilisha kuandika, nitapata shahada yangu mwezi wa tatu.

Kuna jambo moja zaidi. Uongozi wa hospitali umeyasoma matokeo, na umeamua ziara zetu za Jumanne katika bonde lenu zikome mwisho wa mwezi huu. Wanasema watu wamekwisha pona, gari liende kwingine. Nitakosa chai yako na lile jua la sebuleni kwako. Lakini mwalimu anapoambiwa hahitajiki tena, afurahi, si ndiyo? Nami najitahidi kufurahi.

Uendelee na mazoezi ya vidole, asubuhi na jioni.

Tatsuki Ogiwara

*

Karasawa, 5 Novemba

Kwa Mwalimu Ogiwara,

Hongera. Hongera tena. Nimewatangazia Karasawa nzima kwamba mwalimu wangu amesifiwa na profesa, na wasiotaka kusikia nimewasikilizisha kwa nguvu.

Kuhusu Jumanne, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Ulichosema ni kweli, gari liende kwa wenye shida. Jana kwa mazoea niliweka vikombe viwili mezani. Nikavinywa vyote viwili, hakuna kilichoharibika.

Habari za huku ni kidogo. Milimani kumeanguka theluji nyembamba. Kimie atakwenda mjini tarehe kumi na sita kupasuliwa goti, limemsumbua tangu enzi za kulima mpunga. Atalala huko wiki sita. Binti yangu Sanae anapiga simu kutoka Osaka kila Jumapili na kunisomea majina ya nyumba za wazee, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Namwambia mwalimu amenipa saba, mtu wa saba anakwenda nyumba ya wazee kufanya nini? Hapo anahamia jina linalofuata.

Usiniandikie mpaka umalize kitabu chako. Andika kitabu.

Towa Kurashina

*

Wodi ya mifupa, mjini, 20 Novemba

Mwalimu Ogiwara,

Hatujaonana ana kwa ana, ingawa mimi nimekuona mara nyingi. Ni Kimie Nishizawa, jirani wa Towa. Goti langu limepasuliwa siku nne zilizopita, nimelala chali sina la kufanya, na dhamiri inanichoma kuliko goti. Mimi sina adabu ya barua, nitasema tu.

Towa hana saba hata moja. Labda ya kuongea.

Anayemwogesha ni mimi. Bafu lake ni la kizamani, birika la maji lenye ukuta unaofika pajani, na mguu wa kulia haunyanyuki hivyo. Namkumbatia kifuani nampitisha, kisha tunapumzika wote wawili kama tumebeba gunia. Anayepika ni mimi, napika kwangu navusha sufuria. Nguo namfulia. Jiko la mafuta ya taa la kupashia nyumba joto namjazia, kwa sababu mkono mmoja hauwezi kufungua kifuniko kile. Na Jumanne zenu, Mwalimu, nilikuwa naingia saa moja asubuhi. Nafagia sebule, najaza chupa ya chai, namchana nywele, namfunga vifungo, halafu natokea mlango wa nyuma. Siku moja uliwahi kufika, ikabidi nijifiche nyuma ya kuni mpaka ukanywa chai zote mbili. Baridi ile siisahau.

Nilimuuliza kwa nini amejaza saba. Akanijibu, "Yule kijana alikaa sakafuni miezi mitatu kwa ajili yangu, leo nimpe mbili? Uso wangu nitauweka wapi?" Mimi nikacheka. Nilidhani ni karatasi tu, mambo ya shule. Sikujua karatasi ndiyo itakata Jumanne.

Sasa niko huku. Jana nilimpigia simu nikamuuliza amekula nini, akasema wali na samaki wa kuoka. Towa hajaoka samaki tangu Januari. Nilipouliza kama ameoga, alianza kunieleza hali ya hewa.

Nenda, Mwalimu. Usimpigie simu kwanza. Ukimpigia atajiweka sawa hata kama ni kwa kutambaa, atakupokea sebuleni na utarudi umefurahi kama siku zote. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami sitaki kusikia kilio nikiwa nimefungwa goti.

Kimie Nishizawa

Akijua nimeandika ataninunia mwaka mzima. Sijali.

*

Hospitalini, 24 Novemba

Bibi Kurashina,

Nisamehe kwa kuja jana bila taarifa. Nilikosa adabu, najua.

Ulizungumza nami kupitia mlango uliofungwa, ukasema una wageni. Pale nje ya mlango palikuwa na viatu jozi moja. Nilikusikia ukikohoa, nikasikia kitu kikianguka jikoni. Nilitaka kuingia kwa nguvu, nikashindwa, kwa sababu hiyo ni nyumba yako.

Nimeacha kibarazani supu ya miso kwenye chupa ya kutunza joto, na wali wa kufinyanga unaoliwa kwa mkono mmoja. Dumu la mafuta ya taa nimelijaza na kifuniko nimekilegeza, utakiweza. Mwenye duka la chini ameahidi kupita kila siku saa sita na chakula na kujaza jiko. Nimemwambia asiingie sebuleni, aingie jikoni. Nikaripie mimi, yeye usimkaripie.

Bibi Nishizawa ameniandikia. Nakuomba usimnunie.

Tatsuki Ogiwara

*

Karasawa, 29 Novemba

Mwalimu Ogiwara,

Kimie nimemnunia tayari, umechelewa kumwombea.

Supu ilikuwa nzuri. Nimeinywa siku mbili. Sikufungua mlango kwa sababu nilikuwa sijaoga siku nane, na nywele zangu, na nyumba yangu, Mwalimu, wewe ni mtu wa mwisho duniani ambaye ningetaka anione hivyo. Kilichoanguka jikoni kilikuwa sufuria. Mimi sikuanguka. Siku hiyo sikuanguka.

Basi yote aliyokuambia ni kweli. Soksi tu ndiyo sikudanganya. Soksi ni saba kabisa, unaweza kumuuliza mtu yeyote.

Nisikilize sasa. Nimekaa siku nne nikiwaza na nimepata njia. Ukisema zile saba ni za uongo, profesa wako atakuona mjinga mbele ya wale wote waliokupigia makofi, na shahada yako itakwenda na maji. Mimi nilitaka kukushukuru, si kukuzamisha. Kwa hiyo saba zangu ziache zikae zilivyo. Sanae amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee Osaka, anataka jibu langu kabla ya mwaka mpya. Nitamwambia ndiyo. Nikiwa Osaka nitakuwa nje ya bonde na nje ya hesabu yako, na hakuna atakayekuja kukagua bafu la mtu aliyehama. Karatasi yangu itabaki safi na kitabu chako kitabaki safi.

Nyumba hii nimeingia nikiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mbili. Lakini nyumba ni mbao tu. Wewe una maisha mbele.

Usinijibu kwa maneno mengi. Nijibu kwamba umekubali.

Towa Kurashina

*

Hospitalini, 3 Desemba

Bibi Towa,

Sikubali.

Umesema nisiandike maneno mengi, nami leo sitakutii, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Karatasi zako zilipofika, niliziangalia. Saba ishirini, zimepangwa kama askari, hakuna iliyofutwa hata moja. Mimi nimesoma miaka sita namna ya kupima mtu anavyoishi siku yake. Najua mwanamke mwenye mkono mmoja, peke yake, katika nyumba yenye bafu la kizamani, hawezi kuwa saba. Kuna sauti ndogo iliniambia hivyo. Nikainyamazisha, kwa sababu saba zilikuwa tamu. Nilikuja kwako Jumanne ishirini na saba. Mara zote nilikaa sebuleni, nikanywa chai, nikakunyoosha vidole, nikaondoka. Sikuwahi kuomba kuona bafu. Nilijiambia ni adabu, mgeni haombi kuonyeshwa bafu la mwenyeji. Lakini mimi sikuja pale kama mgeni, Bibi Towa, nilikuja kikazi. Adabu yangu na adabu yako zimekutana sebuleni na kudanganyana kwa miezi sita, huku Bibi Nishizawa akiganda nyuma ya kuni.

Na kuna jambo baya kuliko hilo. Yale makofi ya soksi. Kila ulipoweza nilipiga makofi, na uliposhindwa nilinyamaza na kutazama dirishani, ili usione nimesikitika. Uliona. Ndivyo nilivyokufundisha, bila kujua, kwamba mgonjwa mwema ni yule anayeniletea habari njema. Umefanya nilivyokufundisha. Kosa ni langu.

Usidhani uko peke yako. Tangu nilipoacha ile supu kibarazani nimekwenda bila taarifa kwenye nyumba sita za bonde lenu. Mzee mmoja aliyejipa saba ya ngazi analala sebuleni tangu Mei, hajaiona orofa ya juu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mlihangaika sana na mimi." Sababu ile ile kama yako.

Tarehe ishirini Januari uongozi unakutana kupitisha mipango ya mwaka. Matokeo yangu yakibaki, nyumba zote hizo hazitamwona mtu tena. Nimekwisha mwambia Profesa Hiraiwa kwamba nayaondoa. Aliuliza nina nini cha kuweka mahali pake. Sina. Nahitaji karatasi mpya, zenye ukweli, kabla ya tarehe hiyo. Na sijui namna ya kuuliza ili watu wanaonishukuru wasinijibu kwa shukrani.

Wewe unajua. Wewe ndiye uliyenidanganya vizuri kuliko wote. Nisaidie.

Ulinipa saba ishirini ili kuniheshimu. Nakushukuru, nazirudisha zote. Nipe mbili. Mbili yako itanisaidia kuliko chochote nilichopewa tangu nianze kazi hii. Na Osaka usiseme ndiyo bado, nakuomba sana.

Sitakuja mpaka wewe mwenyewe unikaribishe.

Tatsuki

*

Karasawa, 15 Desemba

Mwalimu,

Nimesoma barua yako nikalia, halafu nikakasirika, halafu nikala, kwa sababu mwenye duka alikuwa amesimama jikoni ananitazama. Ni mtu mzuri, ila supu yake haina chumvi.

Unataka kujua namna ya kuuliza. Haya, chukua kalamu.

Kwanza, ondoa jina lako juu ya karatasi. Mimi nilipoliona tu, kichwa kiliinama chenyewe, na mtu aliyeinamisha kichwa hasemi "siwezi". Pili, usiulize "Je, unaweza kuoga?" Mwanamke wa huku ukimuuliza hivyo anasikia "Je, wewe ni mchafu?" na atakujibu saba hata akiwa amelala kitandani. Uliza mara ya mwisho ameoga lini, na nani alikuwa naye. Hapo hana pa kukimbilia, ama ataje siku ama ataje mtu. Uliza hivyo hivyo chakula: jana umekula nini na kimepikwa kwenye jiko la nani. Mimi sikuona kwamba nadanganya sana, unajua. Nilioga. Nilikula. Mambo ya nyumba hii yalikuwa yanafanyika, na huku tukisema "nimefanya" hatuhesabu mikono mingapi. Karatasi yako ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Weka nafasi ya Kimie.

Tena karatasi ijazwe jirani akiwa amekaa hapo hapo. Mtoto atakusitiri, mkwe atakusitiri zaidi. Jirani atacheka.

Sasa zangu. Ninaandika polepole na hakuna anayenishika mkono.

Kuoga, moja. Bila Kimie siogi, najipangusa kwa taulo. Kupika, mbili, kwa sababu nakoroga uji wa mchele kwenye jiko la umeme, na siku nyingine unaungua. Kuvaa ni nne, vifungo vinanishinda, nimehamia kwenye nguo za kuvuta kichwani. Kwenda chooni tano, mchana. Kujaza jiko, moja. Kutoka nje kwenye theluji, moja, sijatoka tangu tarehe mbili. Kupokea wageni hujauliza, lakini hilo ndilo nililokuwa na saba, na unaona limenifikisha wapi.

Kila namba niliyoandika nimeona aibu yake. Kufikia kupika aibu ilianza kupungua. Kwenye jiko nilikuwa nacheka mwenyewe, kama Kimie.

Sanae nimemwambia asubiri. Hakupenda. Nilimsomea namba zangu zote kwenye simu, moja moja, akalia. Miezi hii yote alikuwa ananisomea majina ya nyumba za wazee kwa sababu alikuwa hanisadiki, na mimi nilidhani ananichoka. Anakuja mwaka mpya na mumewe.

Njoo Jumamosi. Sitafagia.

Towa

*

Hospitalini, 2 Februari

Kwa Bibi Towa na Bibi Kimie,

Nawaandikia pamoja kwa sababu nasikia goti limerudi nyumbani na mnanuniana kwenye meza moja.

Mkutano umekwisha. Nilisimama nikasema matokeo yangu ya Oktoba si ya kweli na kosa ni la aliyeuliza, si la waliojibu. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Kisha nikasoma karatasi mpya. Kati ya watu wale wale thelathini na nane, wenye saba ni tisa. Kumi na wanane wanaogeshwa na mtu, na kati yao kumi na mmoja wanaogeshwa na jirani mwenye umri unaozidi miaka sabini. Nilipofika hapo, mkuu wa hospitali aliweka miwani chini akauliza, na jirani akiumwa inakuwaje? Nikamwambia habari ya goti moja. Sikutaja jina.

Ziara zinarudi kuanzia wiki ijayo. Hazitakuwa za sebuleni. Mwenzangu Bi Tsuchiya atakuja pamoja nami, yeye ndiye mtaalamu wa mabafu. Atapima ukuta, ataweka vishikio na kiti cha kuingilia, na atasimama hapo mpaka ujue njia.

Shahada yangu imesogea mwaka mmoja. Mama yangu alisikitika kwa siku moja. Profesa Hiraiwa aliziweka karatasi mpya mezani akaniuliza, "Nani amekufundisha kuuliza hivi?" Nikamwambia ni wanawake wawili wa Karasawa. Akasema majina yao yaandikwe mwanzoni mwa kitabu, kwenye ukurasa wa shukrani, kabla ya jina lake. Naomba ruhusa yenu.

Nilikuwa nadhani mimi ndiye niliyewarudisha watu nyumbani. Asanteni kwa kunirudisha kazini.

Tatsuki Ogiwara

*

Karasawa, 12 Machi

Mwalimu wetu,

Theluji ya paa imeporomoka yote juzi kwa kishindo, na chini yake majani ya fuki yameanza kutokeza. Ruhusa ya majina unayo. Kimie anataka lake liwe na herufi kubwa kuliko langu, kwa sababu ya zile kuni.

Nimepata karatasi ya mwezi huu. Nimeanza na kuoga, maana ndiko kulikuwa na mgogoro. Jana Bi Tsuchiya, aliyekuja bila wewe, alisimama mlangoni mwa bafu, mikono nyuma kama tulivyokubaliana. Nilikaa kwenye kiti, nikauinua mguu wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikauvusha, kisha nikashika kishikio. Ule wa kushoto ulifuata. Nikaingia majini mpaka shingoni. Mwalimu, nilikaa humo mpaka vidole vikakunjamana. Nilimshukuru Mungu, nikakushukuru wewe, nikamshukuru na aliyebuni kiti. Sikumwambia mtu kwa sababu nilikuwa nalia, na kwenye maji haionekani.

Kutoka ndiko kulikonishinda, Bi Tsuchiya akanishika kwapa. Kidogo tu.

Sasa mimi nasema hiyo ni tatu. Kimie, ambaye umemweka hapa awe shahidi, anasema ni mbili. Anasema kushikwa kwapa ni kushikwa kwapa, na kwamba mimi nimezoea kujipandisha. Nimemwambia yeye wivu unamsumbua kwa sababu hanibebi tena. Tumebishana tangu chai ya saa nne, supu imepoa, na hakuna anayekubali. Nimetia tatu kwa wino. Yeye ametia mbili pembeni, kwa wino pia, na amepiga muhuri wa jina lake.

Njoo Jumanne utuamue. Uniangalie kwa macho yako, halafu utie namba uliyoiona. Hata ikiwa mbili, nitakushukuru.

Towa Kurashina

Ni mbili. — Kimie